Daraja au Ukuta: Kiswahili, Mwalimu Mgeni na Mtoto wa Darasa la Kwanza katika Maniema

1.0 Utangulizi

Mtoto wa Kindu anapoketi kwa mara ya kwanza mbele ya ubao huwa tayari ni mtu wa lugha zaidi ya moja. Nyumbani huenda anasikia Kilega, Kisongola, Kikusu au Kizimba. Uani na sokoni anasikia Kiswahili, ambacho kwa watoto wengi wa mjini ndicho lugha ya kwanza hasa. Shuleni anangojwa na Kifaransa. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, swali la Kiingereza nalo limezidi uzito: je, lugha hiyo ifundishwe tangu utotoni, na nani aifundishe?

Swali hilo hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni jipya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si jipya hata kidogo. Kwa muda unaokaribia karne moja na nusu, watoto wadogo wa Maniema wamefundishwa lugha za mbali na watu waliotoka mbali: waungwana wa pwani, mapadri wa Ubelgiji, wachungaji wa Uingereza na Marekani, walimu wa Haiti. Kila kundi lilikuta Kiswahili, au lilikileta, na kila kundi lililazimika kuamua la kufanya nacho. Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili kimetumika kwa namna mbili zilizo kinyume: pengine kama daraja la kumvusha mtoto hadi lugha nyingine, na pengine kama ukuta wa kumzuia asiifikie. Anayetaka kufundisha Kiingereza kwa watoto wa Kindu leo hana budi kutofautisha mambo haya mawili.

2.0 Kiswahili kilipokuwa lugha ya kigeni

Ikumbukwe kwanza kwamba lugha ya kigeni ya awali kufundishwa kwa watoto wa Maniema katika kipindi hiki ni Kiswahili chenyewe. Katika robo ya tatu ya karne ya 19 wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani na Unyamwezi walivuka Ziwa Tanganyika na kufanya makao katika Nyangwe na Kasongo. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huo alishuhudia mauaji ya watu wengi sokoni mwa mji huo. Baadaye Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa kitovu cha mamlaka yake.

Kiswahili basi hakikuingia Maniema kwa upole. Wengi waliojifunza walikuwa watoto waliotekwa, wakalelewa katika nyumba za waungwana na kupewa lugha, majina na dini ya nyumba hizo. Ngongo Leteta, aliyekuja kuwa mmoja wa makamanda wakubwa wa Tippu Tip kabla ya kumwasi, husimuliwa kuwa naye alianza akiwa mtoto mateka. Kwa watoto wa namna hii lugha haikuwa somo. Ilikuwa njia ya kubaki hai, na kwa wachache, njia ya kupanda cheo.

Sambamba na hayo palikuwapo chuo cha Kurani. Humo mtoto alikariri Kiarabu, lugha ambayo hakuielewa, lakini maelezo, maonyo na hadithi alipewa kwa Kiswahili. Huu ndio mpangilio wa kwanza wa ufundishaji wa lugha ya mbali unaojulikana katika eneo hili: herufi na matamshi ya lugha ngeni vilifundishwa ndani ya lugha inayoeleweka. Majeshi ya Nchi Huru ya Kongo yalipoiteka Nyangwe na Kasongo mwezi Machi na Aprili 1893, utawala wa waungwana ulivunjika, lakini lugha yao haikuondoka. Iliendelea kuitwa Kingwana, na Wabelgiji wenyewe wakaitumia kuamrisha, kuandikisha vibarua na kuhukumu.

3.0 Mkataba wa 1906 na shule za misheni

Tarehe 26 Mei 1906 Nchi Huru ya Kongo iliweka mkataba na Vatikano. Misheni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule zitakazofundisha kilimo na kazi za mikono. Mkataba huo ulitamka kwamba ufundishaji wa lugha za taifa za Ubelgiji uwe sehemu ya lazima ya masomo. Kwa maneno ya karatasi, mtoto wa Maniema alipaswa kusoma Kifaransa au Kiholanzi.

Mambo yalikwenda vingine darasani. Mapadri Weupe waliofanya kazi Kasongo walikuwa wametokea upande wa Tanganyika, na Kiswahili walichokuwa nacho kilikuwa karibu na kile cha pwani. Katekisimu, nyimbo na vitabu vya kusomea vilikuwa kwa Kiswahili hicho. Tena mapadri wengi wa Kibelgiji katika Kongo walikuwa Waflemi. Hao walitoka katika nchi ambamo lugha yao wenyewe ilikuwa ikipigania nafasi mbele ya Kifaransa shuleni na mahakamani, na baadhi yao hawakuona sababu ya kumfanyia mtoto wa Kiafrika jambo walilolilalamikia kwao.

Mwaka 1911 reli kati ya Kindu na Kongolo ilianza kazi. Kindu, penye bandari iliyoitwa Port-Empain, ikawa mahali ambapo meli zilizopanda Lualaba kutoka Ponthierville zilikutana na treni. Vibarua, makarani na mabaharia wa makabila mengi walikusanyika hapo, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto wao. Hata hivyo, Kiswahili cha watoto hao hakikuwa kile cha kitabu. Nyumbani walisema batoto na mutu. Kitabu kiliwaambia watoto na mtu. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto wa miaka sita au saba anayeanza kuunganisha sauti na herufi ni jambo la kumbabaisha. Hivyo hata darasa lililoitwa la lugha ya wenyeji lilikuwa na ugeni wake.

Jambo moja zaidi linahitaji kutiliwa mkazo. Mgeni mwenyewe kwa kawaida hakukaa na watoto wadogo. Padri au sista alisimamia shule na kufundisha madarasa ya juu katika kituo kikuu. Darasa la kwanza, hasa vijijini, liliachwa mikononi mwa katekista au mwalimu msaidizi wa Kikongo aliyesoma miaka michache tu. Mtoto aliyesikia Kifaransa kwa mara ya kwanza alikisikia kwa kawaida kutoka kwa mtu ambaye naye alikuwa amekiokota kwa shida.

4.0 Waingereza na Wamarekani wasiofundisha Kiingereza

Hapa ndipo historia ya Kiingereza katika Maniema inapoanza, nayo inaanza kwa kutokuwapo kwake. Wasemaji wa Kiingereza waliishi katika eneo hili kwa miongo mingi. Wamethodisti wa Marekani, baada ya safari ya uchunguzi ya Askofu Walter Lambuth na Profesa John Wesley Gilbert ya mwaka 1911 hadi 1912, walifungua kituo cha Wembo Nyama mwaka 1914, na baadaye kingine Tunda, katika eneo la Kibombo. Gilbert alikuwa msomi Mmarekani mweusi, na ujuzi wake wa Kifaransa ulisaidia sana msafara huo mbele ya maofisa wa Kibelgiji. Hata hivyo katika shule zao Wamethodisti walishika Kitetela kuwa lugha ya kufundishia watoto.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa John Whitehead. Mwingereza huyu alikuwa mmisionari wa Kibaptisti, na mwaka 1899 alichapisha sarufi na kamusi ya Kibobangi. Mwaka 1903, akiwa Lukolela, alimwandikia barua Gavana Mkuu wa Nchi Huru ya Kongo kuhusu mateso ya watu wa kituo hicho, na barua hizo zikaingia katika ripoti mashuhuri ya Roger Casement. Baadaye alihamia Wayika, kwenye Lualaba, na huko mwaka 1928, pamoja na L. F. Whitehead, alitoa kitabu cha kufundishia Kingwana, akikiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Kitabu hicho kilichapwa Wayika kwenyewe, na maelezo yake ni ya Kifaransa.

Tuzingatie maana ya jambo hili. Mwingereza anaishi ugenini, amezungukwa na watoto anaotaka wasome, lakini hawaandikii kitabu cha lugha yake. Anaandika kitabu ili wageni wajifunze lugha ya watoto, tena anakiandika kwa lugha ya serikali. Mwelekeo wa ufundishaji umegeuzwa: anayetakiwa kuwa mwanafunzi kwanza ni mgeni.

Haifai, hata hivyo, kuyaona haya kuwa ni ukarimu mtupu. Palikuwapo sababu za sheria na za fedha. Serikali ya Ubelgiji iliwatazama Waprotestanti wa Uingereza na Marekani kwa shaka, hasa baada ya kampeni dhidi ya ukatili wa mpira mwekundu, na haikupenda lugha ya koloni jirani ipate mizizi. Ruzuku za shule zilizopangwa tangu miaka ya 1920 zilitolewa kwa misheni zilizohesabiwa kuwa za kitaifa, yaani za Kibelgiji. Misheni za Kiprotestanti zilianza kuzipata baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya mpango wa 1948. Kwa muda mrefu mmisionari wa Kimarekani au wa Kiingereza alipitia Brussels kujifunza Kifaransa kabla ya kushuka Kongo. Kwa hiyo alikuwa mwanafunzi wa lugha mbili za kigeni kabla hajawa mwalimu wa mtoto yeyote. Kiingereza kilibaki nyumbani mwake, katika barua zake na katika sala za jamaa yake.

5.0 Daraja lilipogeuka ukuta

Katika miaka ya 1920 fikra ya kufundisha watoto wadogo kwa lugha yao ilipata nguvu. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na iliyokuwa na James Aggrey wa Ghana ya leo miongoni mwa wajumbe wake, ilipita Kongo katika ziara yake ya 1920 na 1921 na kupendekeza lugha za wenyeji kwa madarasa ya chini. Mpango wa shule wa Kibelgiji wa mwaka 1929 ulifuata njia hiyo: miaka ya mwanzo kwa lugha ya wenyeji, na Kifaransa kwa wachache katika madarasa ya juu, hasa mijini.

Kwa upande wa malezi, hoja ilikuwa na nguvu. Maandishi ya Kiswahili ni rahisi kwa anayeanza: irabu ni tano, silabi nyingi huishia kwa irabu, na herufi husomwa kama inavyosikika. Mtoto anayeijua lugha hiyo kwa masikio anaweza kugundua siri ya kusoma mapema. Kifaransa kina irabu za puani na herufi nyingi zisizotamkwa. Kiingereza huandika sauti moja kwa njia kadhaa. Mtoto asiyejua kusoma wala lugha yenyewe hubebeshwa mizigo miwili kwa safari moja.

Lakini hoja njema ya malezi ilitumikia pia siasa isiyo njema. Kifaransa ndicho kilichofungua mlango wa ukarani, wa mshahara na wa heshima. Mpango wa 1948 uliwagawa watoto baada ya madarasa mawili ya kwanza: wengi walikwenda katika mkondo wa kawaida, ulioishia kwenye shamba na karakana; wachache walichaguliwa kwa mkondo wenye Kifaransa cha kutosha kuendelea sekondari. Kwa aliyechaguliwa, Kiswahili kilikuwa daraja. Kwa aliyeachwa, Kiswahili kilikuwa ukuta, ingawa lugha yenyewe haikuwa na kosa lolote. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili chini ya Wabelgiji, ameonyesha vizuri jinsi lugha hiyo ilivyofanywa chombo cha utawala.

Maisha ya Patrice Lumumba yanaangaza jambo hili kwa karibu. Alizaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925, akapitia shule za Wakatoliki na za Wamethodisti. Akiwa kijana, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, alikwenda Maniema na kufanya kazi katika kampuni ya bati ya Symétain, kabla ya kuhamia Stanleyville. Alichokosa shuleni alikitafuta katika vitabu, akakipalilia Kifaransa chake kwa bidii yake mwenyewe. Kwa Kifaransa hicho aliingia katika kazi ya posta, na mwaka 1954 akapata hati iliyomtambua kuwa miongoni mwa waliostaarabika kwa kipimo cha Wabelgiji. Wazazi waliokuwa wakitazama mifano ya aina hii hawakuhitaji kuelezwa thamani ya Kifaransa. Ndiyo maana shule za serikali zisizo za dini, zilizoanzishwa kwa Waafrika tangu 1954 na zilizofundisha kwa Kifaransa, zilipokewa kwa hamu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, wahitimu wake wa chuo kikuu hawakuzidi 30.

6.0 Kutoka uhuru hadi Zaire

Kutokana na historia hiyo, uamuzi wa mwaka 1962 wa kufanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza unaeleweka. Ulikuwa uamuzi wa kubomoa ukuta. Kwa bahati mbaya, daraja nalo lilibomolewa pamoja nao. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa yule yule, na Kifaransa chake kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuruhusiwa kujieleza kwa lugha aliyoimudu.

Katika Kindu hali ilizidishwa ugumu na machafuko. Mwezi Novemba 1961 Waitalia 13 wa kikosi cha anga cha Umoja wa Mataifa waliuawa mjini humo. Mwezi Julai 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, wakaushikilia hadi Novemba, na wageni waliokuwamo wakawa mateka. Mwalimu mgeni akawa mtu wa kuja na kuondoka. Pengo la Wabelgiji katika Kongo lilizibwa kwa sehemu na walimu walioletwa kwa msaada wa UNESCO, wakiwamo Wahaiti wengi, ambao walikuja na Kifaransa safi lakini waliwekwa zaidi katika shule za sekondari. Mtoto mdogo alibaki na mwalimu wake wa zamani.

Mwezi Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi na kupendekeza lugha za taifa zirudishwe katika elimu. Kiswahili, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, kikarejea katika madarasa ya mwanzo. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo serikali ilizitwaa shule za misheni, na ni kwa mkataba wa Februari 1977 tu ndipo usimamizi ulirudishwa kwa makanisa. Lugha ilirudishwa bila vitabu vya kutosha na bila walimu waliofunzwa kuitumia darasani. Na swali la kale la Kindu, yaani Kiswahili kipi, cha batoto au cha watoto, halikupewa jibu.

Wakati huo Kiingereza hatimaye kiliingia mlangoni rasmi. Kati ya 1970 na 1991 Wamarekani wa Kikosi cha Amani walifanya kazi Zaire, na wengi wao walifundisha Kiingereza. Walikifundisha katika shule za sekondari, kwa wanafunzi ambao tayari walijua kusoma, na ambao walikwisha kuvuka lugha mbili. Kwa kulinganisha na kabla ya 1960, hali iligeuka: msemaji wa Kiingereza sasa aliruhusiwa kufundisha lugha yake, lakini bado hakumfundisha mtoto wa darasa la kwanza.

7.0 Kiingereza na darasa la leo

Vita vya 1996 hadi 2003 vilileta sura nyingine. Kindu ilitekwa na waasi wa RCD mwezi Oktoba 1998, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Umoja wa Mataifa ukaweka askari na ofisi zake mjini. Ujumbe huo uliajiri wakalimani, na kwa mara ya kwanza kijana wa Kindu aliona kwa macho yake kwamba Kiingereza kinaweza kulipa mshahara. Wakongomani wengine waliokimbilia Uganda na Kenya walikutana na shule ambamo Kiingereza kilikuwa na uzito. Katika shule za Uganda na Kenya, mtoto wa mkimbizi ndiye aliyekuwa mgeni, na mwalimu ndiye mwenyeji.

Wanaotaka Kiingereza kianze mapema wana hoja yao. Sikio la mtoto hupokea sauti ngeni kwa wepesi kuliko la mtu mzima, na mzazi anayedai lugha ya kazi kwa mwanawe anadai haki ile ile iliyodaiwa na wazazi wa mwaka 1954. Lakini wepesi wa sikio hauna faida bila kinywa kizuri cha kuigwa, bila saa za kutosha na bila darasa lenye idadi inayowezekana. Tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe bure mwezi Septemba 2019, madarasa mengi ya Kongo yamefurika.

Jirani wa karibu ametoa somo. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa katika madarasa matatu ya kwanza. Mwaka 2019 ikaamuliwa tena Kiingereza kianze darasa la kwanza. Nchi yenye lugha moja ya wananchi wote imeyumba mara tatu katika miaka 11. Maniema, yenye lugha nyingi za nyumbani, Kiswahili cha mji, Kiswahili cha kitabu na Kifaransa cha serikali, haina nafasi ya kuyumba hivyo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haisemi kwamba mtoto wa Kindu anyimwe Kiingereza. Kumnyima kwa kisingizio cha kulinda lugha yake kungekuwa kuurudisha ukuta wa 1948. Inachosema ni kwamba lugha ya mbali iliyomfikia mtoto bila kupitia lugha anayoielewa haikushika, kama ilivyodhihirika baada ya 1962. Na lugha anayoielewa iliyofanywa mwisho wa safari ilimdhulumu, kama ilivyodhihirika kabla ya 1960.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Kilichobaki ni kazi ya darasani: vitabu vya kwanza vya Kiswahili vinavyoanzia kwenye usemi wa watoto wa Maniema na kuwasogeza taratibu hadi usanifu, Kifaransa kinachofundishwa kama lugha ya pili, si kama hewa inayodhaniwa kuvutwa na kila mtu, na Kiingereza kinachoingia kwanza kwa masikio na kinywa, kwa wimbo na mchezo, kikielezwa kwa Kiswahili, kabla ya kuingia katika daftari. Zaidi ya yote, uzito wa matumizi uwekwe kwa mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye katika vipindi vyote vilivyopitiwa ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kwa maandalizi madogo.

Na mwalimu mgeni, awe ametoka Nairobi, Kampala au ng'ambo, ana kielelezo cha Wayika. Whitehead alikaa kando ya Lualaba akajifunza kwanza jinsi watu wa hapo wanavyosema. Kazi hiyo haijapitwa na wakati. Mtoto anayesema batoto bado anangoja mwalimu atakayeanzia hapo.